Leseni Umeiandika Wapi?

Wasikilizaji wa Kilwa, Lindi na mwambao wetu wote wa kusini. Jioni hii tusome pamoja tangazo la kazi. Si la ukurugenzi wala la uhasibu mkuu. Ni la Dereva Daraja la Pili, nafasi ambayo halmashauri huitangaza zinapopata kibali cha kuajiri, na vijana wa Kivinje, Nangurukuru na Mingoyo huigombea kwa wingi.

Masharti yake ni machache, na yamekuwa yakiandikwa kwa namna moja miaka nenda miaka rudi. Uwe na cheti cha kidato cha nne. Uwe na leseni ya udereva daraja E au C. Uwe umeifanyia kazi leseni hiyo kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali. Uwe umehudhuria mafunzo ya msingi ya uendeshaji magari yanayotolewa na VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali. Basi. Hakuna shahada hapo, wala stashahada.

Sasa tumchukue mwombaji wa kufikirika, ambaye hata hivyo wengi wenu mtamtambua. Leseni anayo, daraja E. Mafunzo ya VETA aliyapata. Lori la ufuta ameliendesha kutoka Kiranjeranje hadi Mtwara msimu baada ya msimu, bila ajali. Wasifu wake, au sivii kama tulivyozoea kuita, una kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza una jina, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, shule ya msingi na miaka yake, sekondari na miaka yake. Ukurasa wa pili una lugha anazozungumza, mpira wa miguu na kusoma magazeti, kisha wadhamini watatu. Leseni iko wapi? Iko chini kabisa, chini ya neno "mengineyo", imeandikwa kwa maneno mawili: "leseni ninayo". Daraja halikutajwa. Mwaka haukutajwa. Mafunzo ya VETA hayamo kabisa, kwa kuwa aliona yalikuwa ya wiki chache tu, si elimu ya kujivunia.

Anayechambua maombi hana njia ya kujua kama leseni hiyo ni daraja E la malori, C la magari ya abiria, au D la gari binafsi lisilo la biashara. Akiwa na rundo la maombi mezani, atachukua yanayojibu tangazo na kuyaweka kando yasiyojibu. Kijana atabaki nyumbani akisema kazi zinatolewa kwa kujuana. Kujuana kupo, sikatai. Lakini huyu hakufika hata mahali pa kujuana kumwangusha.

Hilo ndilo linaloniuma katika mwambao huu. Tunalalamika kwamba watu wetu hawana sifa, na ni kweli tuna upungufu. Ila ipo hasara nyingine ambayo tungeweza kuiondoa kwa karatasi moja na saa moja ya utulivu: sifa zilizopo haziandikwi, na ile inayofichwa kuliko zote ni leseni.

Sababu yake nadhani naijua. Shahada ina mahafali. Kuna joho, kuna mama kapiga vigelegele, kuna picha iliyotundikwa sebuleni hata mgeni wa mara ya kwanza aione. Leseni mtu huipokea dirishani, akatia sahihi, akaondoka. Hakuna aliyemwalika shangazi kuja kushuhudia. Basi tunapokaa kuandika wasifu tunaandika kile tulichosherehekea, na kile tulichopewa kimyakimya tunakiacha.

Lakini tazameni jinsi vitu hivi viwili vinavyofanya kazi. Shahada inasema ulisoma nini, wapi, na ulifaulu kwa kiwango gani. Ikishatolewa imetolewa, haiishi muda. Leseni inasema leo hii unaruhusiwa kufanya nini. Ina tarehe ya kuisha, ina mtu wa kuihuisha, na ukivunja masharti inaweza kunyang'anywa. Kwa hiyo mwajiri akiiona leseni ambayo tarehe yake haijapita, ameona jambo ambalo shahada peke yake haiwezi kumwambia: kwamba chombo kilichowekwa na sheria kinakutambua sasa.

Wauguzi wanalielewa hili kuliko wengi wetu. Tangazo la nafasi ya muuguzi halisemi tu uwe na stashahada ya uuguzi. Linataka uwe umesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na uwe na leseni hai. Muuguzi aliyehitimu vizuri lakini hakuihuisha leseni yake hawezi kisheria kupangwa zamu wodini, iwe hospitali ya Kinyonga pale Kivinje au Sokoine hapa Lindi. Daktari naye hutakiwa awe amemaliza mwaka wa utarajali na kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mfamasia ana baraza lake. Mhandisi ana Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na humo mhandisi mhitimu na mhandisi mtaalamu ni ngazi mbili tofauti, si majina mawili ya mtu mmoja. Mhasibu mwenye shahada ya biashara hawi CPA mpaka afaulu mitihani ya NBAA na kusajiliwa. Fundi umeme anayetaka kufunga nyaya majumbani kwa uhalali anahitaji leseni ya EWURA, na leseni hiyo ina madaraja. Ukiandika "fundi umeme mwenye leseni" bila kutaja daraja, umesema nusu ya maneno.

Hata ule mfumo wa maombi wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambao sote tunauita Ajira Portal, umetenga sehemu ya elimu na sehemu ya sifa za kitaaluma. Ni sehemu mbili. Vijana wengi hujaza ya kwanza kwa bidii, kidato cha nne, cha sita, chuo, na wakifika ya pili huipita wakidhani wameshajibu. Hapo ndipo usajili wa bodi na leseni hukaa. Ukipaacha patupu, umepunguza mwenyewe nafasi yako.

Wenzetu wa nchi nyingine wamelipangia jambo hili taratibu zao. Wauguzi wa Marekani, kwa mfano, wanapoandika herufi baada ya jina, huanza na shahada ya juu kabisa, ikafuata leseni, kisha vyeti vya ubobezi. Hoja yao ni kwamba shahada haiondoki, kwa hiyo ikae karibu na jina, na vile vinavyoweza kuisha vifuate. Kwa sahihi ya chini ya barua, hoja hiyo inaniridhisha. Kwa wasifu wa kuombea kazi pwani yetu, nashauri kinyume. Kama kazi unayoomba inadai leseni kisheria, leseni iwe kwenye ukurasa wa kwanza, juu, mara baada ya jina na anwani. Shule ya msingi inaweza kusubiri. Na zile herufi baada ya jina mziweke kwa kiasi. Nimeona wasifu wenye jina lililofuatwa na herufi nyingi kuliko jina lenyewe, nyingine za semina ya siku mbili. Msomaji akikutana na herufi asizozijua, hata zile anazozijua ataanza kuzitilia shaka.

Nimesema pwani yetu kwa makusudi, kwa sababu kazi zinazokuja huku zina tabia ya kuuliza leseni. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na ilipofika mwaka 2004 ikaanza kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Kilwa Masoko, Septemba 2023, Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi, mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 260. Likong'o, ndani ya Manispaa ya Lindi, ndiko kulikopangwa mtambo wa kusindika gesi asilia ambao tumeusikia ukizungumzwa miaka mingi. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 na kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania za mwaka 2017 zinataka kampuni za mafuta na gesi zitoe kipaumbele kwa Watanzania wenye sifa. Lisikilizeni vizuri hilo neno la mwisho. Kipaumbele kinaanza pale sifa inapoonekana. Isiyoandikwa haihesabiwi.

Chukueni kazi ya kuchomelea mabomba. Fundi wetu wa Masoko anaandika "welda, uzoefu mkubwa". Mwenye mradi wa bomba hasomi uzoefu mkubwa. Anataka kujua umefuzu mkao gani. Kuna jaribio linaitwa 6G: bomba hufungwa likiwa limelala kwa pembe ya digrii 45, halizungushwi, na fundi ndiye anayelizunguka akichomelea chini, ubavuni na juu. Aliyefuzu hilo analiandika kwa jina lake, na aina ya uchomeleaji aliyotumia, na tarehe. Tarehe ina maana kubwa, kwa sababu kwa kanuni za Kimarekani zinazotumika sana kwenye kazi za mabomba, fundi asiyechomelea kwa njia aliyofuzia kwa muda wa miezi 6 hupoteza sifa hiyo mpaka apimwe tena. Kwa hiyo fundi mwenye cheti cha zamani aandike pia kazi yake ya karibuni aliyochomelea kwa njia hiyohiyo, ili msomaji aone mfululizo haukukatika.

Baharini ni vivyo hivyo. Vyeti vya usalama vya mabaharia chini ya mkataba wa kimataifa wa STCW, vile vinavyofundishwa Chuo cha Bahari Dar es Salaam, huhuishwa kila baada ya miaka 5. Cheti cha usalama cha kufanya kazi kwenye majukwaa ya mafuta na gesi, kinachoitwa BOSIET, huisha baada ya miaka 4. Kijana anayeandika "nina vyeti vyote vya ubaharia" bila tarehe anamlazimisha mwajiri aulize, na mwajiri mwenye haraka haulizi.

Sasa, kuna mtu atasema haya ni mambo ya wazungu, ya makaratasi, na sisi watu wa pwani tumejifunza kwa macho na mikono. Huyo namwomba arudi nyuma kidogo katika historia ya Kilwa yenyewe.

Mwaka 1331 alifika Kilwa msafiri kutoka Tangier, Morocco, Ibn Battuta, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Sote tunamkumbuka kwa sababu aliusifu mji wetu. Lakini miaka mitano kabla ya kufika huku alipitia Damascus, mwaka 1326, akakaa katika Msikiti wa Umayya akasikiliza Sahihi Bukhari ikisomwa kwa vikao 14, na akapewa ijaza, yaani idhini ya kuyafikisha kwa wengine aliyoyasikia. Katika kitabu chake aliwaorodhesha waliompa ijaza kwa majina, mmoja mmoja, wakiwemo wanawake, miongoni mwao Zaynab bint Ahmad, mwanachuoni wa hadithi aliyeheshimiwa sana Damascus. Baadaye mtu huyuhuyu alikuwa kadhi Delhi, na tena kadhi visiwa vya Maldives. Huko hakuwa na ukoo wala jirani wa kumtolea ushahidi. Elimu aliyotambulishwa nayo ilibidi iwe na chanzo kinachotajika.

Ijaza haikuwa karatasi ya kusema fulani kasoma. Ilisema kasoma kitabu gani, kwa nani, na huyo mwalimu naye alikipata kwa nani, mpaka silsila ikamilike. Walimu wetu wa pwani wamezitoa na kuzipokea kwa karne nyingi, na zipo nyumba katika mwambao huu ambako ijaza ya babu bado imehifadhiwa sandukuni. Kwa hiyo ukiambiwa uandike leseni yako na jina la aliyeitoa, mwaka wake na kiwango chake, hujaletewa jambo geni. Umeambiwa utaje sanadi yako, yaani silsila ya elimu yako.

Na kuna funzo la pili kwa huyohuyo Ibn Battuta. Wapo wanahistoria waliojiuliza amewezaje kukusanya ijaza nyingi namna ile katika muda mfupi aliokaa Damascus. Karibu miaka 700 imepita, na orodha ndefu iliyopatikana haraka bado inazua maswali. Mwenye wasifu wenye vyeti kumi vya miezi mitatu iliyopita alifikirie hilo.

Maswali hayo hapa kwetu yaliwahi kuwa makali. Tarehe 28 Aprili 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Waziri Angellah Kairuki alimkabidhi Rais John Magufuli taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini. Nyumba ziliyumba, watoto walirudishwa kutoka shule za ada, na wengine walikuwa wamefanya kazi kwa miaka mingi na kwa uwezo. Mwaka 2022 serikali iliamua kuwarejeshea michango waliyokuwa wamekatwa kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii. Nawaonea huruma, nasema wazi, hasa wale waliokuwa mafundi na wauguzi wazuri. Lakini huruma hainizuii kuona kwamba cheti cha kughushi kilichukua nafasi ya mtu mwingine aliyekuwa na chake kwa haki. Tangu wakati ule kila anayepokea wasifu Tanzania anausoma akiwa na uhakiki kichwani. Huko nchi za Ghuba, ambako vijana wetu wengi wa afya wanatamani kwenda, uhakiki hufanywa kwa kuandikiana moja kwa moja na chuo kilichokupa cheti na baraza lililokusajili. Hawaridhiki na nakala yenye muhuri. Kwa hiyo kila mstari unaoandika uandike ukijua kuna mtu atapiga simu.

Shahada ambayo haikukamilika iandikwe hivyo. Chuo, kozi, mwaka ulioanza, mwaka ulioacha, "haikukamilika". Si aibu, na ada iliyokushinda si dhambi. Anayesubiri cheti aandike kwamba amehitimu na anasubiri cheti, akijua kwamba matangazo ya Sekretarieti ya Ajira husema wazi kuwa hati za matokeo za muda hazipokelewi. Leseni iliyoisha iandikwe na tarehe iliyoisha, na kama umeshaanza kuihuisha sema.

Swali ninaloulizwa sana ni la mwenye shahada anayeomba udereva, au utendaji wa kijiji, au kazi ya ghala la samaki. Je, aifiche shahada asije akaonekana amezidi? Jibu langu ni asiifiche, aipunguzie sauti. Leseni na uzoefu wa kazi ile viwe juu kwa kirefu, shahada iwe mstari mmoja kwenye elimu. Kwenye fomu inayouliza elimu ya juu kabisa, ajibu ukweli. Uongo wa kujishusha nao ni uongo, na siku ukitaka kupandishwa cheo kwa shahada ileile, utaulizwa ilikuwa wapi.

Nirudi kwa waliojifunza kwa macho na mikono, maana hao ndio wengi na ndio ninaowajali zaidi. Tuna msemo kwamba kizuri chajiuza, na watu wetu wameuchukua hadi kwenye maombi ya kazi. Fundi magari wa Nangurukuru, ambaye magari ya Dar es Salaam na Mtwara yote yanamjua, anaona kujieleza kwenye karatasi ni kujisifu. Mjini kwake kizuri chake kimejiuza kweli, kwa sababu watu wanamwona. Meneja anayefungua barua Dodoma hamwoni. Kwa fundi huyo VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: anapimwa anachokijua, anafundishwa pale palipopungua, anapewa cheti kinachotambulika. Useremala, uashi, ufundi magari, mapishi, vyote vimo. Kuna chuo cha VETA hapa Lindi. Mafundi waende wakaulize, na halmashauri ziwapeleke kwa makundi badala ya kungojea mtu mmojammoja mwenye nauli.

Na wakati cheti hakijapatikana, ujuzi uelezwe kwa vitu vinavyoshikika. Nahodha anayevusha watu kutoka Masoko kwenda Songo Songo aandike chombo cha aina gani, injini ya nguvu gani, abiria wangapi kwa safari, miaka ipi hadi ipi, na jina la mwenye chombo kama mdhamini. Asijiite kapteni, kwa kuwa cheo hicho kwenye meli kina cheti chake. Mama aliyesimamia kikundi cha mwani kwa miaka kadhaa, akashika daftari la mapato na kujadiliana bei na wanunuzi, ana kazi ya kuandika, na aiandike kwa kilo na kwa fedha alizosimamia. Hiyo siyo leseni, lakini ni ushahidi.

Neno langu kwa vijana wa steshenari, kwa sababu nyinyi ndio waandishi wa wasifu wa wilaya hizi. Mnafanya kazi kubwa, kwa bei ndogo, na umeme unakatika mkiwa katikati. Lakini lile faili moja mnalobadilisha jina na namba ya simu na kuacha mengine yalivyo linawaumiza wateja wenu. Ndimo anamotokea fundi bomba anayependa "kusoma magazeti" kama muuguzi aliyemtangulia kwenye kiti. Kabla hujaanza kuchapa, mwulize mteja maswali haya. Una leseni yoyote, ya gari, ya umeme, ya bodi, ya baharini? Daraja gani? Imetolewa na nani, lini, inaisha lini? Kisha uyaweke kwenye mstari mmoja, juu. Na mwambie asitume picha ya leseni wala ya kitambulisho cha taifa kwenye makundi ya WhatsApp yanayotangaza kazi bila jina la mwajiri. Matapeli wanazitafuta hizo.

Kwa cheti cha kidato cha nne, andikeni pia namba ya mtihani. Ni ile inayoanza na S kwa mtahiniwa wa shule au P kwa mtahiniwa wa kujitegemea, ikafuatiwa na namba ya kituo, namba ya mtahiniwa na mwaka. Hapa kwetu ina faida ya ziada. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani hii na mafuriko yakakata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, yapo masanduku yaliyoondoka na maji, na ndani yake vyeti. Mwenye namba yake ya mtihani anaweza kwenda polisi akapata hati ya upotevu, akatangaza gazetini, akaanza kulifuatilia Baraza la Mitihani. Asiye na namba anaanza kwa kumtafuta mwalimu mkuu wa miaka ile.

Limebaki moja, na kwa kusini ndilo linaloangusha wengi hata baada ya kuitwa kwenye usaili. Majina. Cheti cha shule kinasema Saidi Mohamedi. Leseni inasema Said Mohamed Saidi. Kitambulisho cha NIDA kinasema Saidi Mohamed Mnali, kwa sababu siku ile afisa aliuliza jina la ukoo. Mwenyewe anajua ni yeye mmoja, na mtaa mzima unajua. Matangazo ya usaili wa serikali, yale yanayotaka uje na vyeti halisi, na kwa kada zenye bodi uje na cheti halisi cha usajili na leseni ya kufanyia kazi, husema pia kwamba mwenye majina yanayotofautiana aje na hati ya kisheria inayoyaunganisha, ile wanayoiita Deed Poll. Hati hiyo huandaliwa na wakili na kusajiliwa. Haipatikani asubuhi ya usaili, na kutoka tangazo mpaka siku ya usaili mara nyingi ni siku chache.

Basi jina unaloliandika juu ya wasifu liwe lile lililo kwenye kitambulisho cha taifa, herufi kwa herufi. Toeni vyeti vyote usiku huu, vipangeni mkekani, msome jina moja moja mpaka la mwisho. Mwenye tofauti amwone wakili kabla ya kuomba kazi nyingine yoyote. Na wazazi wenye watoto darasa la saba mwaka huu waende shuleni wiki hii, waone jina la mtoto limeandikwaje kwenye orodha ya watahiniwa, maana kurekebisha herufi moja kabla ya mtihani ni kazi ya mwalimu na kalamu, na baada ya cheti kutoka ni kazi ya wakili na nauli ya Dar es Salaam.